Ua, Muhogo na Msimbo: Uhakiki wa Dhana ya Programu Huria kwa Mizani ya Amani

Ikisiri

Makala haya yanahakiki dhana ya programu huria kama inavyotumika katika mijadala ya Kiswahili kuhusu teknolojia na haki za kidijiti. Hoja kuu ni kwamba uwazi wa msimbo ni sharti la lazima lakini halitoshi. Kitu huwa huria kwa jamii pale jamii hiyo inapoweza kukinakili, kukirekebisha na kunufaika na marekebisho yanayofanywa na wengine. Mizani ya uhakiki huu imepatikana katika milima ya Amani, wilayani Muheza, ambako mimea miwili, ua la Saintpaulia na muhogo chotara, ilitoka bila kizuizi ikaleta matokeo tofauti. Mizani hiyo inatumika kupima kazi tatu: Jambo OpenOffice, PlantVillage Nuru na Common Voice. Makala yanapendekeza kwamba uhakiki wa teknolojia kwa Kiswahili uanze na swali la urejeshaji: kilichotolewa na jamii kinairudia vipi?

1.0 Utangulizi

Swali lililozaa makala haya liliulizwa na mzee mmoja wa tarafa ya Amani wakati mwandishi akikusanya masimulizi kwa ajili ya tasnifu yake. Fomu ya ridhaa ilikuwa imesomwa na kinasa sauti kimeandaliwa. Kabla ya kutia dole gumba, mzee huyo alitaka kujua sauti yake ingelala wapi na nani angekuwa na ufunguo wa humo ndani. Mwandishi alimjibu kwamba ingehifadhiwa chuoni. Jibu hilo lilikuwa na ukweli nusu. Sauti ile ilikaa kwanza katika simu, kisha ikapanda katika seva za kampuni ya kigeni kwa masharti ambayo mwandishi alikuwa ameyakubali bila kuyasoma. Miezi kadhaa baadaye, leseni ya mwaka ya programu iliyotumika kuainisha masimulizi ilikwisha, na faili la uainishaji likagoma kufunguka hadi ada ilipolipwa. Masimulizi yalikuwa ya wazee na uchambuzi ulikuwa wa mwandishi, lakini ufunguo ulikuwa wa mtu wa tatu.

Ni rahisi kusema kwamba dawa ya hali hiyo ni programu huria. Mwandishi wa makala haya anaafiki dawa hiyo, na sehemu kubwa ya tasnifu yake sasa imehamishiwa katika programu za aina hiyo. Hata hivyo, kuafiki si kuhakiki. Mijadala mingi huitaja programu huria kama neno la baraka lisilohitaji kuulizwa maswali: huria kwa nani, kwa lugha gani, na kwa faida ya nani? Makala haya yanajaribu kuuliza.

2.0 Bure, huru na huria

Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983, alikumbana na tatizo la lugha yake. Neno moja la Kiingereza hubeba maana ya kitu kisicholipiwa na maana ya kitu kisichofungwa. Tangu hapo watetezi wa programu hizo wamelazimika kueleza kila mara kwamba wanakusudia uhuru na si bei. Kiswahili hakina tatizo hilo. Kina bure, kina huru na kina huria, na mzungumzaji wa kawaida hachanganyi maneno hayo. Chakula cha msibani ni cha bure, nchi ni huru, chuo ni huria.

Utajiri huo una mtego wake. Kwa Mtanzania, neno huria lina kumbukumbu mbili. Kumbukumbu ya kwanza ni ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Hapa huria ni mlango uliofunguliwa kwa makusudi ili mtu aliyeko Pangani au Lushoto asome bila kuhama kwake. Kumbukumbu ya pili ni ya soko huria, neno lililoenea tangu mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980. Hapa huria ni uwanja usio na mlinzi, ambamo mwenye mtaji na asiye na mtaji huambiwa kwamba wako sawa kwa sababu hakuna aliyezuiwa kuingia.

Tofauti hii ni ya msingi. Huria ya chuo huuliza nani ameachwa nje, kisha hutafuta njia ya kumfikia. Huria ya soko huondoa kizuizi na kuishia hapo. Tunaposema programu huria, tunakusudia ipi? Leseni zenyewe zimegawanyika katika jambo hili. Leseni ya Umma ya GNU, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989, inamtaka anayesambaza toleo alilolirekebisha atoe na msimbo wake kwa masharti yaleyale. Leseni nyingine, mathalani ile ya Apache, zinamruhusu mtu kuchukua, kurekebisha na kufunga alichorekebisha. Zote mbili kwa Kiswahili tunaziita huria. Neno moja linafunika maadili mawili, na uhakiki hauna budi kuyatenganisha.

3.0 Mizani ya Amani: ua na muhogo

Kuyatenganisha maadili hayo hakuhitaji nadharia ya kuazima, kwani historia ya Amani inayo mifano. Mwishoni mwa karne ya 19, Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani katika eneo la Tanga, alituma kwao Ujerumani mmea mdogo wenye maua ya rangi ya zambarau. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliupa jina la kitaalamu Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya familia ya mtumaji. Mmea huo ulizalishwa, ukachanganywa, ukapata rangi na maumbo mengi, na leo unauzwa katika vyungu vya dirishani Ulaya na Marekani. Hakuna aliyezuiwa kuuchukua, na kwa maana ya soko ulikuwa huria kabisa. Wenyeji wa Usambara hawakupata jina, hawakupata sehemu ya mauzo, na chotara zilizozalishwa ng'ambo hazikuwafaa kitu. Ua lilikwenda na halikurudi.

Muhogo una historia nyingine. Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo hapo Amani mwaka 1902, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikashikwa na Waingereza. Katika miaka ya 1930, H. H. Storey na R. F. W. Nichols walianza kutafuta muhogo unaostahimili batobato na michirizi ya kahawia, maradhi ambayo yalikuwa yakiumaliza muhogo wa pwani. Waliuchanganya muhogo na jamaa zake wa porini, ukiwamo Manihot glaziovii, mti wa mpira ulioletwa na walowezi kwa biashara iliyoporomoka mnamo 1913. Kisha waliurudisha kizazi baada ya kizazi kwenye muhogo wa chakula hadi mizizi ikawa ya kulika. Kazi hiyo ilifungwa mwaka 1957.

Kufungwa kwa mradi hakukuufunga muhogo. Mbegu za Amani zilikuwa zimeshafika Nigeria, na katika miaka ya 1970 taasisi ya IITA huko Ibadan ilitumia uzao wake kuzalisha aina zilizosambaa katika nchi nyingi za Afrika. Aina nyingine zilibaki mikononi mwa wakulima wa pwani, wakizipanda na kupeana pingili, nazo zikapata majina mapya. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa karne hii ulibaini kwamba muhogo uitwao Namikonga kusini mwa Tanzania na ule uitwao Kaleso pwani ya Kenya kwa kweli ni mmoja, na kwamba asili yake ni chotara wa Amani. Michirizi ya kahawia ilipoanza kuenea upya katika ukanda wa maziwa makuu tangu mwaka 2004, Namikonga ilikuwa miongoni mwa aina chache ambazo wazalishaji walizirudia kutafuta ukinzani. Kilichotolewa kwa wakulima kilitunzwa na wakulima, kisha kikawarudia watafiti kikiwa hai.

Kwa nini muhogo ulirudi na ua halikurudi? Sababu ya kwanza ni ya kimaumbile: pingili ya muhogo ni bidhaa na ni chanzo kwa wakati mmoja. Anayepewa pingili amepewa kila kinachohitajika kuuzalisha upya. Hahitaji kibali, kiwanda wala lugha ya kigeni. Sababu ya pili ni ya kijamii: muhogo uliingia katika mikono iliyouhitaji, tena mingi, hivyo kufa kwa taasisi moja hakukumaanisha kufa kwa mmea. Tukizihamishia sababu hizi katika teknolojia, tunapata vigezo viwili vya uhakiki. Mosi, je, anayepokea kazi anapokea na chanzo katika umbo analoweza kulitumia? Pili, je, ipo mikono ya kutosha ya kuiendeleza pindi mwanzilishi anapoondoka?

Muhogo nao una upungufu, na haifai kuufanya kuwa hadithi ya kupendeza. Amani ilikuwa taasisi ya kikoloni, na wakulima hawakuulizwa walitaka nini. Tena majina yalipotea njiani, ikabidi maabara ieleze nusu karne baadaye kile ambacho daftari lingekieleza kwa mstari mmoja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika hili msimbo umeuzidi muhogo: miradi ya programu huria huweka kumbukumbu ya kila badiliko, aliyelifanya na tarehe yake.

4.0 Jambo OpenOffice: chanzo kipo, mikono iko wapi?

Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, kilitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu ya ofisi ya OpenOffice.org. Mwaka huohuo Microsoft ilitangaza mpango wake wa kuziswahilisha Windows na Office. Uzito wa kitendo cha Dar es Salaam haujapewa nafasi inayostahili katika historia ya istilahi zetu. Chuo cha umma hakikusubiri kampuni iamue kama wasemaji wa Kiswahili ni soko la kutosha. Kilichukua msimbo uliokuwa wazi, kikaketi na istilahi, kikafanya. Kisheria jambo hilo liliwezekana kwa sababu moja tu, nayo ni leseni. Hakuna chuo ambacho kingeweza kuiswahilisha programu iliyofungwa bila ridhaa ya mwenyewe.

Kwa kigezo cha kwanza, basi, Jambo inafaulu. Kwa kigezo cha pili inayumba. Katika ofisi za kata, shule na vituo vya kuchapia alimopita mwandishi kati ya Muheza na Tanga mjini, hakuikuta hata mara moja, na walimu wa kompyuta aliowauliza walikuwa wakilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza. Uchunguzi huo ni mdogo na hautoshi kuihukumu nchi nzima. Hata hivyo, unaonesha pengo kati ya kutoa na kusambaa. Mafunzo ya kompyuta yaliendelea kutolewa kwa vitufe vya Kiingereza. Mwalimu alijifunza kwa Kiingereza na mwanafunzi akamfuata, hivyo kitufe cha Kiswahili kikaonekana kuwa kigeni kwa Mswahili. Hatukuwa na wakulima wa kuipokea pingili.

Wapo wanaolaumu istilahi. Ni kweli kwamba mvutano wa kompyuta na tarakilishi, au wa nywila na neno la siri, uliwachosha watumiaji. Makala haya yanaona lawama hiyo imeelekezwa pasipo. Istilahi ngeni huzoeleka zinapotumika; kipanya na kivinjari yalichekwa, leo yanatumika bila kicheko. Kilichokosekana ni mazoea, na mazoea hujengwa na mitaala, manunuzi ya umma na watu wa kurekebisha kosa linapoonekana. OpenOffice yenyewe inatoa funzo. Kampuni ya Oracle ilipoinunua Sun Microsystems mwaka 2010, wachangiaji waliochelea mustakabali wa programu hiyo walichukua msimbo wakaanzisha LibreOffice, ambayo inaendelea hadi leo. Mwenye mali alibadilika, lakini kazi haikufa, kwa kuwa mikono ilikuwapo. Leseni ileile iliyowalinda hao ilikuwa imelilinda toleo la Kiswahili pia. Tofauti ilikuwa idadi ya watu walioihesabu kazi kuwa yao.

5.0 Nuru na Common Voice: majani yetu, sauti zetu

Kazi mbili za karibuni zinalihamisha swali kutoka msimbo hadi data. Ya kwanza ni PlantVillage Nuru, programu ya simu iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani kwa kushirikiana na IITA. Mkulima anaielekeza kamera kwenye jani la muhogo, nayo inakisia ugonjwa bila kuhitaji intaneti. Jina lake ni la Kiswahili na ugonjwa inaoutafuta ni uleule uliomshughulisha Storey hapo Amani. Utafiti wa awali, uliochapishwa mwaka 2017, ulitumia picha 2,756 za majani zilizopigwa katika mashamba ya majaribio karibu na Bagamoyo. Zana ya kujifunzisha mashine, TensorFlow, ni ya Google, nayo imekuwa wazi kwa leseni ya Apache tangu mwaka 2015.

Manufaa ya Nuru ni dhahiri pale ambapo bwana shamba ni mmoja kwa vijiji vingi. Hata hivyo, mkulima wa Muheza anaipokea kazi hii kama tunda lililokwisha kuchumwa. Hapewi njia ya kuifundisha mashine kwamba jani fulani limekauka kwa jua tu. Akijua kitu ambacho mashine haikijui, ujuzi huo hauna pa kuingilia. Picha ya jani peke yake si taarifa binafsi kwa tafsiri ya kawaida, hivyo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, huenda isimfae hapa. Sheria hiyo inalinda mtu. Ujuzi wa pamoja wa shamba haujapata mlinzi.

Ya pili ni Common Voice ya shirika la Mozilla, ambayo tangu mwaka 2021 imewaalika wasemaji wa Kiswahili kusoma sentensi na kuchangia sauti zao. Sauti hizo hutolewa kwa tamko la CC0, yaani mchangiaji anaachia haki zake zote, na yeyote anaweza kuzitumia kwa lolote. Lengo ni jema: bila hazina ya wazi, mashine za kusikia Kiswahili zingemilikiwa na makampuni machache tu. Kwa sababu ni wazi, mtafiti wa Tanga anaweza kuonesha kwamba lafudhi ya Kimtang'ata haimo ya kutosha, naye akaongeza. Katika hazina iliyofungwa angeishia kulalamika.

Lakini CC0 ni huria ya soko. Kampuni kubwa na mwanafunzi wa shahada ya kwanza wanaruhusiwa sawasawa kuchukua, ila ni kampuni pekee yenye kompyuta za kuzigeuza sauti hizo kuwa bidhaa, na haidaiwi kurudisha hata neno moja. Kwa mizani ya Amani, hili linaelekea kwenye ua kuliko kwenye muhogo. Mchangiaji anaweza baadaye kuuziwa huduma iliyojifunza kwa kinywa chake.

6.0 Hoja pinzani

Hoja ya kwanza inayoweza kutolewa ni kwamba mtumiaji wa kawaida hahitaji msimbo. Anahitaji kitu kinachofanya kazi. Ni kweli kwamba wengi hawatausoma. Hata hivyo, wakulima wengi hawakuwahi kuuchanganya muhogo na jamaa zake wa porini. Walinufaika kwa sababu pingili haikumfungia mtu yeyote aliyeweza kufanya hivyo. Haki ya kurekebisha hulinda hata wasioitumia, kama kisima cha jamii kinavyomfaa hata asiyejua kuchimba.

Hoja ya pili ni kwamba makampuni yametupa Kiswahili bure, katika simu, ramani na tafsiri, kwa upana ambao hakuna chuo kingeufikia. Hoja hii ni nzito na haipaswi kubezwa. Jibu lake limo katika msamiati wetu: bure si huria. Cha bure hutolewa na hufungwa kwa uamuzi wa mtoaji, na mtumiaji hana daftari wala chanzo cha kuanzia upya. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sembuse mtegemea cha asiye nduguye.

Hoja ya tatu ni ngumu zaidi: kudai urejeshaji kutawafukuza watafiti na wafadhili, na lugha zisizo na data nyingi zitabaki nyuma. Mwandishi anakiri kwamba hatari hiyo ipo. Lakini Leseni ya GNU ilitabiriwa hivyohivyo, na Linux inayosambazwa kwa leseni hiyo leo inaendesha sehemu kubwa ya seva za dunia. Sharti la kurudisha linaweza kuwa ndilo linalowapa watu imani ya kutoa.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umebainisha kwamba neno huria, kama tunavyolitumia, linaficha tofauti kati ya mlango uliofunguliwa na uwanja usiolindwa. Jambo OpenOffice ilikuwa na chanzo ikakosa mikono. Nuru imefika mikononi bila kuacha njia ya mikono hiyo kurudisha ujuzi. Common Voice imeipa mikono nafasi ya kuongeza, lakini haikumdai mchukuaji chochote. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyo ya kupuuzwa, na ukosoaji uliotolewa hapa umewezekana kwa sababu kazi hizo zilijiweka wazi kukosolewa.

Yapo mapendekezo matatu. Kwanza, mafunzo ya kompyuta katika vyuo vinavyotumia Kiswahili yatumie programu huria zilizoswahilishwa, na kazi za wanafunzi zijumuishe kurekebisha tafsiri zake. Pili, tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, hakuna sababu ya masharti ya matumizi ya programu kuendelea kumfikia Mtanzania kwa Kiingereza, kwani ridhaa inayotolewa kwa lugha isiyoeleweka si ridhaa. Tatu, miradi inayokusanya sauti na picha itumie leseni zinazomdai mchukuaji arejeshe maboresho kwa waliochangia.

Kuhusu mzee wa Amani, mwandishi alirudi kwake. Sauti yake sasa imo katika diski ya chuo na katika kadi ya kumbukumbu aliyokabidhiwa mjukuu wake, ikiwa katika umbo la faili linalofunguliwa na programu huria yoyote ya sauti. Bado iko pia katika seva ile ya mwanzo. Mwandishi aliomba ifutwe akapokea ujumbe wa kuthibitisha kwamba ombi limepokelewa. Mzee aliuliza kama hiyo ina maana kwamba imefutwa. Mwandishi hakuwa na jibu.